Msalaba wa Chuma Sokoni

Msalaba wa Chuma ulianzishwa Machi 1813 mjini Breslau na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Chuma kilichaguliwa makusudi: hazina ilikuwa tupu, na raia walikuwa wakitoa vito vyao vya dhahabu kugharimia vita. Nishani hiyo ilihuishwa mwaka 1870, 1914 na 1939, na kila mara mwaka mpya uliandikwa upande wa mbele. Nyuma ya msalaba wa daraja la pili, hata hivyo, 1813 ilibaki palepale. Hapo ndipo warithi wengi hujikwaa. Anayefungua sanduku la babu na kusoma 1813 hudhani ameshika mali ya enzi za Napoleon, kumbe ni msalaba wa 1914, ambao wa daraja la pili peke yake ulitolewa zaidi ya mara milioni 5.

Baada ya mwaka huangaliwa uundaji. Msalaba halisi kwa kawaida ni vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili zinazokibana mbele na nyuma, zikalehemiwa ukingoni. Nakala ya ovyo humiminwa kwa kalibu ikatoka kipande kimoja, na kwa lenzi ya sonara hakuna mshono unaoonekana. Sumaku nayo husaidia, kwa kuwa kiini cha chuma huvutwa. Isitoshe, utepe wa kisasa wenye nyuzi za viwandani hung'aa chini ya taa ya urujuanimno, ilhali utepe wa zamani hubaki umefifia. Majaribio haya hukamata nakala mbaya tu. Viini visivyovutwa na sumaku vipo na ni halisi, na utepe mpya unaweza kufungwa kwenye msalaba wa kweli.

Chapa za watengenezaji huaminiwa kupita kiasi. Kuanzia mwaka 1941, mafundi walioruhusiwa kuuza madukani walitumia herufi L yenye namba, na nishani zilizopelekwa serikalini zilipigwa namba tupu. Kwa mfano, L/16 na 4 zote ni za Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid. Lakini nishani nyingi halisi hazina chapa yoyote, na kupiga chapa ya uongo ni kazi nyepesi kwa mghushi yeyote.

Tatizo kubwa zaidi halimhusu mghushi wa kawaida. Baada ya 1945 baadhi ya viwanda vilevile, kwa mashine na kalibu zilezile, viliendelea kutengeneza nishani. Rudolf Souval wa Vienna ndiye anayetajwa mara nyingi. Bidhaa kama hiyo si halisi, lakini alama za kalibu halisi zipo juu yake zote. Kwa Msalaba wa Kishujaa (Ritterkreuz), daraja la juu la Msalaba wa Chuma, uliotolewa kwa watu takriban 7,300 tu katika Vita Kuu ya Pili, tofauti hiyo ni ya fedha nyingi mno. Wakusanyaji waliojikita katika fani hii huhesabu nyufa ndogo zilizoota kwenye kalibu kadiri ilivyochakaa. Msalaba wenye ufa uliojitokeza baada ya vita hauwezi kuwa wa wakati wa vita, hata ukiletwa na mjane wa jenerali. Misalaba iliyokaa makabatini kwa miaka kama vito vya thamani imeshuka hadhi kwa njia hiyo.

Bei hufuata uchache, si ushujaa. Medali ya majira ya baridi ya mashariki ya 1941/42 ilitolewa kwa zaidi ya watu milioni 3, na wanajeshi wenyewe waliibandika jina la nishani ya nyama iliyogandishwa. Aliyeivaa alinusurika baridi ya Urusi, lakini sokoni ni bidhaa ya bei nafuu. Kinachopandisha bei kuliko chuma ni karatasi: hati ya kutunukiwa, kitabu cha mshahara cha mwanajeshi, picha. Medali za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza, zikiwemo za askari wa King's African Rifles (KAR), zilipigwa ukingoni jina na namba ya mwenyewe. Misalaba ya Kijerumani haikutolewa na jina. Ikitengana na hati zake, haina mtu. Tena kumbukumbu za jeshi la Prussia ziliteketea mjini Potsdam katika shambulio la anga la Aprili 1945, wakati zile za Bavaria zilisalia Munich. Kwa sababu hiyo madai kuhusu mwanajeshi wa Bavaria yanaweza kupimwa, lakini ya mwenzake wa Prussia mara nyingi yanabaki kuwa neno la muuzaji.

Je, biashara hii iruhusiwe? Ujerumani Magharibi, kwa sheria ya Julai 1957, iliruhusu nishani za vita kuvaliwa zikiwa zimeondolewa swastika, na katikati ya Msalaba wa Chuma pakawekwa majani ya mwaloni. Kuonyesha swastika hadharani ni kosa la jinai, isipokuwa kwa utafiti, sanaa, elimu na mengine ya namna hiyo, ndiyo maana katalogi za minada ya Kijerumani huifunika. Huko Paris, mwaka 2000, mahakama iliiamuru Yahoo izuie Wafaransa kufikia minada ya vitu vya Kinazi. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2024 biashara ya vitu vyenye alama hizo imepigwa marufuku, isipokuwa kwa sababu chache kama elimu.

Hoja ya Australia ina uzito, kwa kuwa si kila mnunuzi ni mwanahistoria. Hata hivyo marufuku kamili hulisukuma soko gizani, mahali ambapo mghushi hushamiri na karatasi hupotea. Njia ya Kijerumani, ingawa ina unafiki wake wa kufunika kwa kibandiko kile ambacho kila mnunuzi anakijua, huacha vitu mikononi mwa watu wanaoweza kuulizwa.

Udhaifu wa sheria zote hizi ni kwamba zinatazama alama na kuacha kitendo. Mwaka 1912 Kaiser Wilhelm II alianzisha medali ya vita vya makoloni, na juu ya utepe wake hupachikwa kibao kidogo chenye jina la vita. Kimojawapo kimeandikwa Deutsch-Ostafrika 1905/07, yaani Vita vya Maji Maji, ambavyo makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa mashamba, huanzia watu 75,000 hadi 300,000. Kibao hicho hakina swastika, kwa hiyo hakifunikwi kwenye katalogi yoyote, na medali iliyo nacho huuzwa ghali kuliko isiyo nacho. Na kwa vile kibao huchomolewa na kupachikwa kwa urahisi, hicho nacho hughushiwa.