Kipaji cha mtoto hakihitaji haraka

Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ikimalizika, mzazi wa Mbinga au Mbamba Bay ambaye mwanawe amesifiwa uwanjani huanza kuwaza chuo cha Marekani. Si ndoto ya bure. Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 5,000. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA.

Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa asipandishwe milima kila alfajiri. Acheze mpira, aruke kamba, apumzike. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mlo wenye usipa, maharage na mboga. Goti likiendelea kuuma, apelekwe kituo cha afya. Kuchua tu hakutoshi.

Na daftari lisiwekwe kando. Vyuo hivyo huangalia pia matokeo ya sekondari, na mbio peke yake hazifungui mlango.