Mlima Wetu, Majina ya Nani?

Atokaye Moshi kwenda kupanda Kibo hupita kwanza katika majina ya wenyeji. Marangu, Machame, Umbwe, Mweka: njia hizo zimeitwa kwa vijiji zinakoanzia, penye migomba, kahawa na mifereji ya wazee. Lakini kadiri mtu apandavyo, ndivyo majina yanavyozidi kuwa ya kigeni. Ukingoni mwa kreta, wa njia ya Marangu hukanyaga Gilman's Point, jina la mhandisi wa reli aliyefika hapo mwaka 1921. Wa Machame hukanyaga Stella Point, jina la mwanamke aliyefika na mumewe mwaka 1925. Barafu ya kusini ni ya Rebmann, mmisionari aliyeiona kwa mbali mwaka 1848 wala hakuikanyaga.

Simwonei Bi Stella kijicho; alipanda kwa miguu yake. Ninalolipinga ni kudhani kwamba pale juu walifika wao peke yao.

Wapo wasemao kwamba majina ni maneno tu, na ramani zimekwisha kuchapwa. Za Wajerumani nazo zilichapwa! Kambi ya Mandara iliitwa Bismarck. Horombo iliitwa Peters, yule Carl Peters aliyenyonga watu katika kituo chake cha Kilimanjaro hata serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Kilele kilichopewa jina la Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge. Hakuna mpandaji aliyepotea njia kwa mabadiliko hayo. Kwa nini basi kazi ikaachwa nusu? Na hata katika nusu hiyo tuliwakumbuka mamangi, wenye enzi, wachukuzi tuliwasahau.

Hapa sisi watu wa pwani na visiwani tuna dai letu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, kambi yao ya juu ililindwa na mtu wa Pangani, Mwini Amani, aliyevumilia baridi ambayo kwao haijulikani, akiwatunzia moto na chakula. Meyer mwenyewe amemtaja katika kitabu chake. Rebmann naye aliongozwa kutoka pwani na Bwana Kheri. Watoto wetu shuleni humjua Rebmann. Bwana Kheri ni nani kwao?

Wachukuzi wa leo huitwa wagumu, na jina hilo halikuja bure. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha mzigo kuwa kilo 20, na kwa mzigo huo mgumu humpita mgeni njiani ili mgeni akute hema limekwisha simama. Wakishuka, mgeni hupewa cheti langoni. Mgumu hupewa ujira, na mara nyingi huo nao ni wa kugombania.

Basi, Gilman's Point iitwe Mwini Amani. Kwa Stella Point waulizwe wazee wa Marangu na Machame, na wagumu wenyewe waulizwe kabla ya wenye makampuni. Majina ya kutoa hawatayakosa. Gharama ni vibao viwili na rangi. Navyo, kama vile vya zamani, vitapandishwa na wagumu.