Shamba hula kabla hujala

Juzi nilimpokea mshikaji wangu stendi ya Nachingwea, katoka Dar na begi moja na ndoto gunia zima. Ana akiba ya miaka sita mfukoni. Anataka kuacha kazi, achukue eka 50 kule Ruangwa, alime ufuta na kufuga ng'ombe.

"Kaka, miaka miwili tu, halafu nakula bata!"

Nikamwambia, kaa kwanza tunywe chai, nikupe stori ya Jack London.

Huyu alikuwa mwandishi wa Marekani, mzaliwa wa San Francisco mwaka 1876, mtoto wa shida. Kafanya kibarua kiwandani, kawa baharia, mwaka 1897 akaenda Klondike kusaka dhahabu, akarudi kapa. Mwaka 1903 kitabu chake cha The Call of the Wild kikavuma, lakini haki zake alikuwa ameshaziuza kwa dola 2,000 basi!

Mwaka 1905 akanunua shamba Glen Ellen, California. Akaongeza vipande hadi eka kama 1,400. Udongo ulikuwa umechoka, naye akaurudishia nguvu kwa samadi. Mteremko akauchonga matuta ya ngazi, kama alivyoona Korea mwaka 1904 alipokwenda kuripoti vita. Nguruwe akawajengea banda la mawe, watu wakaliita kasri.

Mshikaji macho yakamng'aa. Nikamwambia subiri, bili ndiyo inakuja.

Kila siku jamaa aliandika maneno 1,000, apende asipende, maana shamba lilimeza kila senti ya vitabu. Mikaratusi aliyopanda kwa maelfu ili auze mbao haikumlipa. Jumba lake la mawe likaungua Agosti 1913, hata kuhamia hajahamia. Mwaka 1916 akafariki, na miaka 40 tu. Yaani kalamu ndiyo iliyolisha shamba, siyo shamba lililomlisha yeye.

Tena mbali kote huko kwa nini? Hapa hapa Nachingwea, kuanzia mwaka 1947, Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga. Reli ikajengwa, bandari ikajengwa Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafa, pauni kama milioni 36 zimeyeyuka. Reli nayo ikaja kung'olewa. Pesa walikuwa nazo. Walichoruka ni kuijaribu ardhi kidogo kidogo kwanza.

Mshikaji kimya, chai imepoa.

Kesho yake tukaenda Ruangwa. Hakununua eka 50, kakodi tatu. Mzee mmoja wa pale kamwelekeza mvua za ufuta, na kamkumbusha kuwa bei ya mnadani haiangalii ndoto ya mtu. Jioni kapanda basi kurudi Dar, Jumatatu yuko kazini.

Kanuna kidogo, lakini akiba bado anayo. Wewe unayetaka kuacha kazi ukalime, kalamu yako ni ipi? Tukutane wiki ijayo.