Maji ya Moto Yanapodondoka kama Machozi



Baridi ya Juni na Julai hapa Sumbawanga haihitaji maelezo. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi wa Ufipa hupenya hadi mifupani. Wenzetu wa Kaoze, kule chini katika bonde la Rukwa, wanaweza kuoga maji ya mtungi na wakashukuru. Huku juu mtoto haogi bila maji ya moto. Ndiyo maana wenye bomba ndani, wakipata uwezo, hufunga hita ya umeme au ya jua.

Lakini mara nyingi maji baridi hutoka vizuri, na ya moto yakadondoka tu. Mama huchoka kungoja, akarudi jikoni kubandika sufuria. Hatari huanzia hapo. Sisi wauguzi tunajua kwamba watoto wadogo wengi wanaoungua nyumbani huunguzwa na vitu vya majimaji: maji, chai, uji. Sufuria inayobebwa ukumbini mtoto akikimbia ni hatari kubwa. Kwa hiyo bomba dhaifu si jambo la starehe tu. Mara nyingi dawa yake ni rahisi, ukijua maji yamekwama wapi.

Anza kwa kupima. Chukua ndoo ya lita 10 na saa. Ijaze kwa maji baridi, andika dakika, kisha ijaze kwa ya moto kutoka bomba lile lile. Fanya hivyo katika kila bomba.

Bomba moja tu likiwa dhaifu, tatizo liko hapo hapo. Fungua kichujio cha mdomoni utoe mchanga na chokaa. Kama ni bomba la mvua, kichwa chake kiloweke usiku kucha katika siki, kisha usugue vitundu kwa mswaki wa zamani.

Maji baridi na ya moto yote yakiwa dhaifu, tazama tangi. Nguvu ya maji ya tangi hutokana na kimo chake: huhesabiwa kutoka uso wa maji tangini hadi mdomo wa bomba. Maji ya tangi yakiwa mita 1 tu juu ya bomba la mvua, ukiinua tangi mita 1 zaidi, msukumo unakuwa mara mbili. Lakini tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima ya maji, hivyo mnara wake ujengwe na fundi anayejua kazi.

Maji ya moto peke yake yakiwa dhaifu kila mahali, chunguza njia ya hita. Kwanza, koki inayoingiza maji kwenye hita huenda haikufunguliwa yote. Pili, huenda kuna hewa iliyonaswa katika bomba. Maji hukoroma na kutoka kwa kushtuka-shtuka. Tatu, ni chokaa: ukiona ukoko mweupe ndani ya birika lako, ujue na ndani ya hita upo. Nne, ni kutu: mabomba ya zamani ya chuma huziba taratibu, na maji ya kwanza asubuhi huwa mekundu. Hayo hubadilishwa. Tano, kama maji baridi yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani na ya moto yanatoka tangini, bomba la kuchanganyia litayapendelea yenye nguvu. Mwambie fundi ayatoe yote katika tangi moja.

Mambo matatu usiyafanye kamwe. Usiruhusu hita ifunguliwe kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu. Usizibe koki ya usalama ya hita kwa sababu inadondosha maji. Bila hiyo hita inaweza kupasuka. Tena usipandishe joto ukidhani maji yatapata nguvu. Joto haliongezi msukumo. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi.

Na sisi tunaotegemea sufuria? Peleka beseni karibu na jiko, usipeleke maji ya moto mbali. Tia maji baridi kwanza, ya moto baadaye, kisha pima kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto.

Akiungua, vua nguo iliyolowa kama haijanata kwenye ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya bomba kwa dakika 20, huku mwili mwingine ukiufunika, maana baridi yetu nayo ni adui. Funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Mama, mwonyeshe baba watoto hesabu ya ndoo yako kabla ya kumwita fundi. Fundi akiikuta, hataanza kubomoa ukuta kwa kubahatisha, na fedha ya nyumba itatumika palipo na tatizo.

Mungu azilinde nyumba zenu na watoto wenu.