Jiji janja lipimwe Shauri Moyo

Nairobi ikitajwa kuwa jiji janja, tunaonyeshwa kamera za barabarani na picha za Konza. Sawa. Lakini mimi nadhani swali la kwanza liulizwe Shauri Moyo, na liwe hili: ukishalipa kwa simu, kile umelipia kinafika? Na kisipofika, nani anakushughulikia?

Kwa kulipa, sisi tulihitimu kitambo. M-Pesa ilianza Machi 2007. Leo fundi wa sufuria pale Kamukunji, muuza nyama wa Burma na mama wa mitumba Gikomba wote wana namba ya till. Tokeni za stima unanunua ukiwa kitandani, tarakimu 20 zinaingia kwa meseji. Watu wako tayari. Jiji ndilo linajikokota. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima: tokeni ziko kwa mita, zimelipiwa, na nyumba ni giza.

Tuangalie matatu. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay: unagusisha, nauli inakatwa. Serikali nayo ikataka nauli ya pesa taslimu iishe kufikia Julai 2014. Kadi yenyewe haikuwa mbaya. Lakini kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imezimwa. Mbona? Kwa maoni yangu, hakuna aliyemuuliza makanga. Yeye anataka pesa mkononi jioni hiyo hiyo, ya mafuta na ya yale mengine tunayoyajua. Abiria naye abebe kadi ambayo matatu inayofuata huenda isiitambue? Siku hizi wengi wanatuma nauli kwa simu ile ile waliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Taasisi ya IMD ya Uswizi ilianza kupanga miji janja mwaka 2019, miji 102, na Nairobi ikawa karibu na mkia. Nafasi hainisumbui sana. Ninachopenda ni kwamba wao huwauliza wakaazi.

Basi waulizwe wapangaji wa nyumba za kaunti hapa Shauri Moyo kuhusu kodi. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti, pesa zimetoka kwako, simu imesema asante, lakini kwa kitabu cha mwenye nyumba wewe bado una deni. Hapo ndipo ujanja wa jiji unaonekana: je, kuna mtu wa kusoma ile meseji yako na kurekebisha siku hiyo, ama unazungushwa dirisha kwa dirisha mpaka notisi ibandikwe mlangoni?

Kwa sasa, kabla ya kuweka namba ya siri, soma namba ya akaunti mara mbili, na jina la anayepokea. Meseji ya kodi usiifute, hata simu ikijaa. Futa picha kwanza. Ukibadilisha simu, andika namba ya muamala kwa daftari, pamoja na tarehe na mwezi uliolipia.