Konsoli mpya ya mkononi: kwa nini mtu wa Lubumbashi asikimbilie kuacha ile ya zamani

LUBUMBASHI – Tarehe 5 mwezi wa sita 2025, kampuni ya Kijapani Nintendo ilianza kuuza Switch 2, konsoli ya mkononi iliyokuja kurithi Switch ya mwaka wa 2017. Kufikia mwisho wa mwezi wa tisa mwaka huo huo, zaidi ya mashine milioni 10 zilikuwa zimekwisha kuuzwa duniani. Hapa Lubumbashi hufika kwa njia tunazozijua: katika mizigo ya wasafiri na wafanyabiashara wanaotoka Dubai, Afrika Kusini au Ulaya. Kwa kijana mwenye Switch ya zamani, na kwa mzazi anayeombwa feza, swali ni moja: kubadilisha au kungoja?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mtu alisubiri miaka miwili au mitatu, bei ikashuka, kisha akanunua. Hesabu hiyo haifanyi kazi tena. Na mtu akiitazama konsoli mpya kwa macho ya Lubumbashi, mahali umeme unakatika na mega zinanunuliwa kidogo kidogo, anakuta kwamba mashine ya zamani ina nguvu ambazo matangazo hayazitaji.

Bei imeacha kushuka

Switch ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu 2017 ikiuzwa dola 299,99 huko Marekani. Switch 2 imetoka kwa dola 449,99, yaani ongezeko la dola 150. Mchezo wake mkubwa wa mwanzo, Mario Kart World, peke yake ulitoka kwa dola 79,99.

Cha kushangaza zaidi kilitokea mwezi wa nane 2025. Badala ya kupunguza bei ya mashine za zamani, Nintendo iliipandisha kwenye soko la Marekani: Switch ya kawaida ikafika dola 339,99, ile ya kioo cha OLED dola 399,99, na ile ndogo, Switch Lite, dola 229,99. Mashine ya miaka nane ikawa na bei ya juu kuliko siku ilipozaliwa. Mwezi huo huo Sony iliongeza dola 50 kwenye PlayStation 5 nchini Marekani, nayo Microsoft ilipandisha bei ya Xbox mara mbili katika mwaka huo.

Sababu ni zaidi ya moja. Serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa forodha juu ya bidhaa zinazotoka Asia, mahali konsoli zinakotengenezwa. Halafu, kuelekea mwisho wa 2025, bei ya memori za kompyuta ilipaa kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi. Konsoli inahitaji memori hizo hizo.

Kobalti yetu si sababu

Katika Haut-Katanga na Lualaba, wengine watauliza: je, si sisi tuliofunga kobalti? Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi, mahali pa katazo hilo palichukuliwa na mfumo wa viwango: tani 18.125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96.600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ya kobalti duniani ikapanda zaidi ya mara mbili.

Lakini tufanye hesabu. Betri ndogo za simu, kompyuta na konsoli kwa kawaida hutumia kobalti, na kiasi chake ni kidogo. Tukadirie gramu 20 katika konsoli moja. Kwa dola 50 kwa kilo, hiyo ni dola moja. Dola moja, ndani ya mashine ya dola 450. Hata bei ya kobalti ikipanda mara mbili tena, mnunuzi wa Tokyo au wa Lubumbashi hataona tofauti kubwa dukani.

Hesabu hiyo inasema mambo mawili. La kwanza, kupanda kwa bei ya konsoli hakutokani na uamuzi wa Kinshasa. La pili ni chungu zaidi: madini yanapotoka hapa ni ya dola moja, na yanaporudi ndani ya mashine, sisi ndio tunaolipa zile nyingine 449, pamoja na usafiri, forodha na faida ya muuzaji.

Dola 450 ni siku ngapi za kazi?

Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kupandisha mshahara wa chini kabisa, SMIG, kutoka faranga 7.075 hadi 14.500 kwa siku kama hatua ya kwanza. Kwa thamani ya faranga wakati ule, ilikuwa karibu dola tano. Basi Switch 2, kwa bei ya Marekani ya 2025 tu, ilikuwa mshahara wa siku 90 kwa anayelipwa kiwango hicho, bila kula, bila kulipa nyumba, bila minervali ya watoto.

Ni kweli kwamba mwenye mshahara wa chini si yeye anayenunua konsoli. Wanunuzi ni wafanyakazi wa makampuni ya madini na kandarasi zake, wafanyabiashara, na vijana wenye ndugu Ulaya. Lakini hata kwao, dola 450 zina majina mengine: minervali, mifuko ya unga wa bukari, paneli ya jua na betri yake. Kwa hiyo mashine lazima ipimwe kwa namna itakavyotumika hapa, si kwa namna inavyoonekana kwenye video za YouTube.

Kipimo cha kwanza: umeme

Hapa mashine mpya inashindwa na ya zamani, na watu wachache wanajua. Kwa maelezo ya Nintendo yenyewe, betri ya Switch 2 inakaa kati ya saa 2 na saa 6 na nusu, kufuatana na mchezo. Switch ya kawaida iliyotoka tangu mwezi wa nane 2019, na ile ya OLED ya 2021, zinakaa kati ya saa 4 na nusu na saa 9. Switch 2 ina betri kubwa zaidi, 5.220 mAh mbele ya 4.310, ila kioo chake cha inchi 7,9 na chipu yake yenye nguvu vinakula zaidi. Na ili ijae inahitaji karibu saa tatu.

Katika mji ambamo umeme wa SNEL unaweza kuondoka jioni nzima, saa mbili za betri ni kidogo sana. Mwenye paneli za jua au jenereta nyumbani hatasumbuka. Anayetegemea SNEL peke yake atakuwa na mashine ya bei kubwa inayolala kizani.

Ikiwa unatafuta Switch ya zamani ya mkono wa pili, geuza mashine usome namba ya modeli. HAC-001 ni ile ya 2017, yenye betri ya saa 2 na nusu hadi 6 na nusu. HAC-001(-01) ni ile ya 2019, yenye betri inayodumu. Kwa nje zinafanana, na muuzaji anaweza kukuuzia ya kwanza kwa bei ya pili.

Kipimo cha pili: mega

Kwa miaka mingi, kadi ya mchezo ilikuwa rafiki wa mtu asiye na intaneti ya nguvu. Unanunua kadi, unaingiza, unacheza. Ukichoka, unauza au unabadilishana na jirani.

Switch 2 imeleta kitu kingine: kadi-ufunguo. Kwa macho ni kadi kama nyingine, lakini mchezo haumo ndani. Ndani mna ruhusa tu. Mchezo wenyewe unatakiwa kuushusha kwenye intaneti, na kila mara ukicheza kadi lazima iwe ndani ya mashine. Street Fighter 6 ya Switch 2 imeuzwa hivyo, na uzito wake ni kama giga 50. Chukua bei ya giga moja kwa Vodacom, Airtel, Orange au Africell, uizidishe mara 50. Ndiyo bei ya pili ya mchezo huo, na muuzaji hatakutajia. Ukimuuzia mwenzako kadi hiyo, naye ataanza upya kushusha giga zake.

Si michezo yote iko hivyo. Cyberpunk 2077 imo yote ndani ya kadi yake ya giga 64. Kwa hiyo, kabla ya kununua, soma sanduku: kadi-ufunguo ina alama yake mbele, chini ya picha, ikisema kwamba lazima kushusha mchezo.

Kuna gharama nyingine tena. Mashine mpya ina nafasi ya giga 256 ndani, lakini ukitaka kuongeza, kadi za microSD za kawaida ulizonazo hazifai kwa michezo. Inataka microSD Express, ambayo ni ghali na si rahisi kuipata mjini.

Hali hii inaweza kubadilika. Mwezi wa tano 2025, ARPTC iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, na katika sehemu za mji zenye fibre kushusha giga 50 si shida. Kwa nyumba ya namna hiyo, kipimo hiki hakina uzito. Kwa anayenunua mega za siku, kina uzito kuliko bei ya mashine.

Kipimo cha tatu: mashine imetoka wapi?

Nchini Japani kuna Switch 2 iliyotoka mwaka wa 2025 kwa yen 49.980, bei ya chini kuliko ile ya Marekani. Inavutia wafanyabiashara. Lakini mashine hiyo inazungumza Kijapani peke yake, na inakubali akaunti za Japani tu. Mtoto wa Kampemba au wa Katuba anayesoma Kifaransa hataitumia vizuri. Ukiona bei imeshuka sana, washa mashine kwanza uangalie lugha.

Hatari nyingine iko kwenye mkono wa pili. Tangu 2025, Nintendo imekuwa ikifungia intaneti Switch 2 zilizotumiwa na michezo ya kunakili. Mashine iliyofungiwa inawaka na inaonekana nzima, ila haiingii tena kwenye huduma za Nintendo, haishushi michezo, na zile kadi-ufunguo hazina kazi tena. Kabla ya kutoa feza, unganisha mashine na simu yako, fungua duka la Nintendo, uone kama linaingia. Na garanti ya duka la Dubai haitakusaidia sana ukiwa Lubumbashi: kama batani ya mwelekeo inaharibika, utamtafuta fundi wa hapa.

Ya zamani haijafa

Wanaosema kwamba Switch ya kwanza imekwisha wanaongopa. Pokémon Legends: Z-A, iliyotoka tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, na Metroid Prime 4, ya mwezi wa kumi na mbili, zimetengenezwa kwa mashine zote mbili. Ni kweli kwamba Mario Kart World na Donkey Kong Bananza ni za Switch 2 peke yake, na orodha hiyo itakuwa ndefu zaidi kila mwaka. Lakini kadi zote za miaka minane zilizopita zinaendelea kucheza, na nyingi kati ya hizo zinacheza pia kwenye mashine mpya. Kadi unazonunua leo kwa Switch ya zamani hazitapotea siku utakapobadilisha.

Basi, kununua au hapana?

Mwenye Switch ya 2019 au ya OLED inayofanya kazi, abaki nayo. Betri yake inakaa kuliko ya mashine mpya, kadi zake nyingi zina mchezo ndani, na kwa kuwa bei za mashine za zamani zimepanda, aliyonayo mkononi imeongezeka thamani.

Mwenye ile ya 2017 yenye betri iliyochoka amwone kwanza fundi amwekee betri nyingine. Ni sehemu ndogo ya dola 450.

Asiye na kitu, mwenye umeme wa uhakika nyumbani na intaneti isiyohesabiwa kwa mega, anaweza kuchukua Switch 2 bila kungoja sana. Kungoja bei ishuke, kwa namna memori na ushuru vinavyokwenda, si mpango tena. Asiye na umeme wala intaneti ya namna hiyo, Switch ya 2019 ya mkono wa pili, iliyokaguliwa vizuri, itamchezesha saa nyingi zaidi.

Na mzazi anayeombwa feza anaweza kumuuliza mtoto maswali matatu tu: umeme utatoka wapi, mega atalipa nani, na kadi hiyo ina mchezo ndani? Mtoto akishindwa kujibu mawili kati ya hayo, dola 450 zibaki kwanza kwa minervali.