Tovuti Ikibadilishwa Sura: Kelele Si Shida, Shida ni Watu Kuhepa

Unafungua tovuti yako ya kila siku, unapata rangi mpya, menyu imehamishwa na kile kitufe ulizoea hakiko. Lazima ulalamike. Lakini mabazu wa hizi kampuni wanajua kitu moja: wengi hupiga kelele na kubaki.

Cheki Facebook. Septemba 2006 walileta News Feed, wanafunzi wakawaka mbaya. Malaki ya watu wakajiunga na grupu ya kuipinga, humo humo Facebook! Zuckerberg akawaambia watulie, akaongeza njia za kuficha mambo yako, na feed ikabaki hadi leo.

Sasa cheki Digg. Agosti 2010 waligeuza kila kitu. Kitufe cha kuzika stori mbovu kikatolewa, na kampuni za habari zikaruhusiwa kumwaga linki zao moja kwa moja. Wasee wakajaza ukurasa wa kwanza na linki za Reddit, kisha wakahepa. 2012 jina na teknolojia ya Digg zikauzwa kwa kama dola 500,000 tu.

Tofauti ni gani? Facebook ilikusongezea mabeshte. Digg ilinyang'anya watu usemi.

Hata Twitter ilipogeuka X Julai 2023, ndege akatupwa, lakini sisi bado ni KOT na bado tunachapana huko.

Kwa hivyo wakibadilisha tena, usiulize kama inapendeza. Sura utaizoea. Uliza kama kile kilikuleta bado kiko. Kama hakiko, beba virago.